Jina Kamili, Mahali na Shida

Alhamisi, 5 Machi

Nimetoka maombi kwa Mama Hortense. Barafu imerudi tena hapa Fisksätra, Sweden, nimetembea kutoka jengo lake hadi letu kama bata, nimeshikilia ukuta. Naandika haraka kwa sababu moyo umejaa.

Asubuhi mdogo wangu Dieumerci alinitumia ujumbe wa sauti kutoka China. Huyu ndiye kitinda mimba wetu. Anasoma uhandisi wa maji Hangzhou, mwezi wa sita anatetea tasnifu yake na kumaliza, na kuna kampuni moja ya pampu za maji imeshamwambia akipata cheti aje aanze kazi. Akimaliza, amepona. Akifukuzwa kabla, anarudishwa Kongo, na kwetu upande wa Butembo sasa hivi si mahali pa kumrudisha mtu. Kaka yetu Paluku alirudi mara moja tu kuangalia shamba la baba. Tulimzika kabla hajafika shambani.

Nimesikiliza ile sauti mpaka nimeishika kwa kichwa. Anasema, akiniita Yaya, yaani dada mkubwa:

“Yaya, niko nachoka. Ile shule ya batoto ninafundisha Kiingereza, bananiita Mike. Tajiri alisema bazazi habatapenda kusikia Kongo, niseme natoka Chicago. Basi kila Jumamosi niko Mike wa Chicago. Batoto bananipenda, banaimba vizuri. Lakini Jumamosi iliyopita mama mumoja aliniuliza baridi ya Chicago iko namna gani, nikamudanganya mupaka nikaona haya. Na unajua karatasi yangu ni ya kusoma, si ya kazi. Bakinishika nimekwisha. Usiambie mutu. Nilitaka tu unisikie.”

Bursi yake, ule ufadhili wa chuo, inalipa masomo, chakula anajitafutia. Ndiyo maana anafundisha.

Sasa, Mama Hortense ana sheria yake. Ombi lazima liwe na jina kamili, mahali na shida. Ukisema “naomba tumkumbuke ndugu yangu mmoja,” anakukatiza: “Ndugu mmoja ni nani? Mungu ana bandugu wengi.” Nikasema yote. Kambale Dieumerci, Hangzhou, anafundisha bila ruhusa. Akasema, “Tumusikie mwenyewe,” nami nikabonyeza. Akasogeza simu yake karibu na yangu akarekodi mpaka mwisho, ili mlolongo wa maombi, wale waombaji wa miji mingine wanaotumiana kwa simu, uipate. Pale kwa “bakinishika nimekwisha” akapaza sauti, “Ee Yesu!” Tulilia sote watano.

Najua alisema nisimwambie mtu. Lakini wale si mtu, wale ni watu wa maombi. Nimerudi mwepesi kabisa.

Ijumaa, 6 Machi

Kazi. Theluji yenye maji. Hakuna jipya.

Alhamisi, 12 Machi

Mama Hortense kafurahi. Mlolongo umefika mbali, anasema, kuna wanaofunga kwa ajili ya Dieumerci ambao hatuwajui hata sura. Alinishika mikono yote miwili. Tangu nifike Sweden huyu mama ndiye amenishika, alinifundisha hata kuvaa soksi mbili. Nikasema asante, mama.

Alhamisi, 19 Machi

Ninawahudumia wazee majumbani mwao, na Alhamisi naanza na Gunvor. Leo aligoma kula uji mpaka anisomee gazeti lote kuhusu magari ya umeme ya China. Anaamini kile kifyonza vumbi chake cha kujiendesha kinasikiliza mazungumzo na kuyapeleka Beijing. Amekifunika kwa taulo. “De hör allt,” ananiambia, wanasikia kila kitu. Nikamwambia, Gunvor, kula. Na wao watasikia nini hapa, unavyotafuna?

Nilicheka hadi kwenye ngazi. Watu wa hapa wana namna yao ya kuiogopa China.

Ijumaa, 27 Machi

Naandika kwa haraka, wino unachafua karatasi.

Nilikuwa kwenye treni ya Saltsjöbanan nikirudi kutoka kazini. Mbele yangu wasichana wawili, nadhani ni watoto wa Kitanzania waliozaliwa hapa, simu moja katikati yao. Nikasikia, “Yaya, niko nachoka.” Nikadhani nimelala. Halafu, “bananiita Mike,” na wale wasichana wakacheka mpaka mmoja akashika tumbo. Nikasikiliza ndugu yangu akisema yote, ndani ya treni, baina ya watu na mikoba yao. Na pale kwa “nimekwisha” nikasikia “Ee Yesu!” ya Mama Hortense.

Niliinuka nikawauliza kwa Kiswahili wametoa wapi. Walishtuka, wakanionyesha. Ni idhaa ya mtandaoni ya mtu anayejiita Eliud, Mkenya wa Spånga, ng'ambo ya pili ya mji, inaitwa China Bila Chumvi. Kila Ijumaa anaketi mbele ya kamera anazungumza habari za China, na watu wa kila nchi wanagombana chini yake. Heshima, binti yangu, amenitafutia nyumbani nikasoma maoni. Mmoja anasema yuko Guangzhou mwaka wa nane na anaheshimika, huyo Mike ni mvivu. Mwingine anasema Wachina wanatujengea barabara na sisi kazi ni kulialia. Mwingine: na hiyo Marekani yenyewe je, huko hawapigwi risasi? Mwingine anasema sauti imetengenezwa na kompyuta, sikilizeni anavyopumua.

Anavyopumua! Nilimbeba mgongoni akipumua hivyo hivyo.

Jumamosi, 28 Machi

Nimekwenda Spånga bila kumpigia. Nilipata anwani kwa Mkenya mmoja tunayefanya naye kazi.

Nilitegemea jitu. Akafungua mlango kijana wa miaka arobaini, mwembamba, aproni kiunoni. Ukutani kuna taa nyekundu za karatasi na ramani ya China, chini ya ramani mashine ya kupasha chakula.

“Karibu, mama. Chai?”

“Sikuja kunywa chai.”

“Basi nitakunywa mimi,” akasema, na kweli akajimiminia.

Nikamwambia ile sauti ni ya mdogo wangu, ana karatasi ya kusoma, miezi mitatu hii ndiyo maisha yake yote. Nilimwita mwizi. Nikamwita na majina mengine ambayo siandiki hapa. Kikombe kikapoa mkononi mwake.

“Mimi sikuiba, mama. Nilitumiwa kutoka Nairobi. Na ilikuja na maandishi, jina lake lote, mji, mpaka shida yenyewe. Nani huandika hivyo jamani?”

“Watu wa maombi.”

“Aki ya nani.” Akaweka kikombe. “Jina nilikata, mji tu ndio niliutaja. Mimi si mjinga kiasi hicho. Nilidhani nasaidia, watu wajue.”

“Wewe umewahi kufika China?”

Akatazama ramani. “Nafanya kazi ghala la vifurushi. Kila siku nashika vitu vya China.”

“Nimekuuliza umefika?”

“Bado napanga.”

Akaifuta mbele yangu. Halafu akanionyesha idhaa nyingine ambazo zimeshaichukua, moja baada ya moja, na sura yake ikawa imebadilika. Nilimwacha amesimama pale na aproni yake. Sijamsamehe.

Jumapili, 29 Machi

Nimempigia Dieumerci. Kwake ni mchana, kwangu kumekucha tu.

Alikuwa anajua. Hakunifokea, na hilo ndilo limenimaliza. Alisema taratibu, “Yaya, nimesikia mutu anasema Ee Yesu ndani ya sauti yangu. Na mimi nilikuwa peke yangu kwa chumba.”

Nikaanza kueleza. Akasema ana kazi ya kuandika, akakata.

Jumatano, 1 Aprili

Mchanga uliomwagwa juu ya barafu majira ya baridi unafagiwa barabarani. Vumbi kila mahali, macho yananiwasha. Dieumerci hajibu ila kwa neno moja moja.

Jumapili, 5 Aprili, Pasaka

Nilimngojea Mama Hortense nje ya kanisa. Alitoka na kitenge chake kipya cha Pasaka chini ya koti la baridi, anasalimia kila mtu. Sikumsalimia.

“Mama, ile sauti uliituma wapi?”

“Kampala, Bujumbura, Nairobi, na kwa badada betu ba Canada. Zaidi ya mia banafunga juu ya mutoto wetu.”

“Nilitaka watano wa sebuleni!”

Watu wakageuka. Nilimweleza mbele yao, treni, Eliud, yote. Uso wake ulianguka. Nilidhani ataomba msamaha, lakini huyu mama naye ana kiburi chake.

“Mama Heshima, mimi nilishika simu,” akasema. “Lakini wewe ndiye ulibonyeza.”

Nikamwambia sitakanyaga kwake tena. Nimetembea nyumbani nalia, Heshima nyuma yangu. Kinachoniuma ni kwamba amesema kweli. Yule mtoto aliniambia usiambie mutu, nikajitafutia sababu, nikatoka pale najiona mwepesi, na mlolongo ulipofika mbali nikasema asante. Lakini kusema kweli siku ya Pasaka mbele ya kanisa zima, hapana. Sijamaliza naye.

Alhamisi, 9 Aprili

Alhamisi ya kwanza bila maombi. Mvua ya mawe, kisha jua, kisha mawe tena. Nimekunja nguo.

Jumanne, 14 Aprili

Heshima alikuja jikoni, kashika simu kwa mikono miwili. “Mamma, de letar efter honom.”

“Sema Kiswahili.”

Huwa hajibu nikisema hivyo. Leo alijibu. “Wanatafuta yeye.”

Kuna mtu huko China kaitafsiri ile sauti kwa Kichina, akaiweka kwenye mtandao wao. Heshima akaipitisha kwenye mashine ya kutafsiri tukasoma wote wawili. Wazazi wa Hangzhou wanaulizana: ni shule ipi ina mwalimu Mike? Mmoja anasema yetu ana Mike. Mwingine, na yetu. Mwingine anasema shule ya mtoto wake ina Mike wawili. Baba mmoja anaandika kwa hasira kwamba analipia mwanawe adanganywe, na hilo siwezi kumlaumu. Mama mmoja anaandika kwamba mwalimu wao ni mpole, mtoto anamwota usingizini, mwacheni. Hao nao ni wazazi kama mimi. Lakini mwisho kabisa mtu ameandika: anasema anasoma, basi ulizeni vyuo.

Ijumaa, 17 Aprili

Ujumbe kutoka kwa Dieumerci: “Ofisi ya banafunzi ba kigeni bananiita Jumatatu. Banayo ile sauti. Nazima simu. Usipige, usitume kitu.”

Jumatatu, 20 Aprili

Sijala.

Jumanne, 21 Aprili

Kimya.

Jumatano, 22 Aprili

Kimya. Gunvor aliniuliza kwa nini nimeweka chumvi kwenye kahawa yake.

Ijumaa, 24 Aprili

Mtandaoni wanajua kila kitu. Mike amekamatwa. Mike amerudishwa Kinshasa, mtu kamwona uwanja wa ndege. Mike hajawahi kuwepo. Mwanamume mmoja wa Ujerumani anaeleza kwa aya nne jinsi ofisi za China zinavyofanya kazi, na mwingine wa Dar anamjibu kwa aya sita. Nimesoma zote. Nasoma nikiwa basini, nasoma nikipika. Hakuna hata mmoja wao anayejua, na bado siwezi kuacha.

Jumapili, 26 Aprili

Sikwenda kanisani. Nimeota Paluku anabisha hodi na mimi sipati ufunguo.

Alhamisi, 30 Aprili

Leo ndiyo siku yao ya kuwasha moto wa kukaribisha majira ya kuchipua. Jua bado lilikuwa juu, watu wanashuka ufukweni na watoto na soseji. Kengele ikalia. Mama Hortense, peke yake, koti limefungwa vibaya.

“Sitaingia kama hutaki.”

Nikaacha mlango wazi nikarudi jikoni. Akaingia, akakaa kwenye kiti cha Heshima. Alikuwa amepungua. Alisema tangu Pasaka hajalala usingizi wa maana, anasikia sauti yake mwenyewe ikisema Ee Yesu. Alisema, “Nilikosa, Mama Heshima. Nilitaka Mungu amusikie, nikamusikilizisha kila mutu.” Halafu akatoa simu. “Sasa usicheke.”

Akabonyeza. Ni sauti yake, ile sauti nzito ya kuongoza nyimbo: “Yaya, niko nachoka. Bananiita Mike. Natoka Chicago.” Na pumzi ndefu mwishoni.

Nilicheka. Mungu wangu, nilicheka mpaka nikashika meza, na baada ya hapo sikuweza kuzuia machozi, na yeye akalia pamoja nami.

“Banatafuta sauti moja,” akasema. “Tubape sauti mingi. Mlolongo ulimutoa inje, mlolongo utamufunika.”

“Mama, hii ni wazimu.”

“Uko na kingine?”

Sikuwa nacho. Heshima alikuwa amesimama mlangoni amesikia yote. Akachukua simu ya Mama Hortense, akakohoa, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: “Yaya, mimi nachoka. Wananiita Mike. Natoka Chicago.” Sijamsikia akisema maneno mengi hivyo kwa lugha yetu tangu aanze shule.

Nje moto ulikuwa unawaka. Tulituma.

Jumamosi, 2 Mei

Jana nilimpigia Eliud. Hakuuliza maswali. Jioni hiyo hakuzungumza habari nyingine yoyote, aliketi tu mbele ya kamera na kucheza sauti za akina Mike. Za Kampala: “Mimi Mike wa Chicago, na leo nimeunguza maharage.” Za Bujumbura: “Mimi Mike, mume wangu hajui.” Bibi mmoja wa Canada alisema anaitwa Mike tangu abatizwe. Sauti za wanaume, za watoto, kwaya nzima ya Nairobi. Mwisho Eliud akasema: “Na mimi naitwa Mike, na sijawahi kufika China.” Alisema hivyo mbele ya watu wake wote. Pale nimemsamehe.

Jumatano, 6 Mei

Wamejaa kila mahali. Hata kwenye mtandao wa Wachina wameanza, Mike wa Kirusi, Mike wa Brazil. Ukiitafuta ile ya kwanza huipati, imezama. Watu wanacheka. Mama Hortense ananipigia kila asubuhi na hesabu ya nchi.

Mimi nacheka nao, halafu nazima simu nakaa. Dieumerci hajaongea. Ninaogopa kwamba tunafunika mtu ambaye hayupo tena.

Jumapili, 10 Mei

Miti imetoa majani yote kwa mara moja. Kimya.

Jumatano, 13 Mei

Amepiga.

Nilikuwa nimetoka kwa mzee mmoja naelekea kwa mwingine. Niliketi kwenye ukuta wa maegesho ya baiskeli. Sura yake imekonda lakini ni yeye, nywele amekata. Nikamuuliza yote kwa mara moja. Akanyanyua mkono nisubiri.

Walimchukulia simu wakati wanachunguza. Alihojiwa mara nyingi, na afisa yule yule, mama wa makamo, si mkali. Mwanzoni walikuwa na sauti moja tu, na swali moja: ni wewe? Yeye akanyamaza. Wakamwacha arudi bwenini, wakamwita tena. Wiki iliyopita yule mama akaweka simu mezani akacheza sauti nyingi, moja baada ya nyingine, Mike, Mike, Mike. Akacheka mwenyewe. Akasema huu ni mchezo wa mtandaoni, sivyo? Sema si wewe, nifunge hili jambo, uende ukaandike tasnifu yako.

Nilipiga kelele palepale barabarani. “Asante Yesu! Tulijua! Mama Hortense alijua!”

“Yaya.”

“Unasema?”

“Nilimwambia ni mimi.”

Sikuelewa. Akarudia. Ni mimi, sauti ni yangu, jina langu Kambale Dieumerci, natoka Butembo, nimefundisha bila ruhusa, na sijawahi kuona Chicago.

Nilimtukana. Nilimwita mjinga, nilimwita mtoto asiye na shukrani, nikamwambia watu wa dunia nzima wamejidhalilisha ili wamfungulie mlango na yeye kaufunga kwa mkono wake. Bibi mmoja wa Kisweden alivuka barabara kunikwepa. Dieumerci alingoja nimalize.

“Yaya, nilisikia Heshima katika zile sauti. Mutoto hajawahi kuniita mjomba kwa lugha yetu, na siku anaisema, anasema anaitwa Mike. Nikasikia Mama Hortense, Mike. Nikawaza, kama bote bamekuwa Mike, mimi nani atanijua? Nilikutumia ile sauti juu ya jambo moja tu. Nilikuwa nachoka na ile jina.”

Nikamuuliza wameamua nini.

Uamuzi ni huu. Kwa kuwa amesema mwenyewe, watamwacha atetee tasnifu. Amepigwa faini. Karatasi yake haitaongezwa hata siku moja, kampuni ya pampu imejitoa, na akimaliza lazima aondoke. Kwenda wapi? Ana pasipoti moja.

Ijumaa, 15 Mei

Nimemkasirikia. Nakasirika nikiosha vyombo, nakasirika nikimvisha Gunvor soksi.

Jumatano, 20 Mei

Mama Hortense alisikiliza yote bila kunikatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mwisho akasema, “Sisi tulisikia hatari. Hakuna aliyemusikia yeye.” Halafu akaniomba radhi tena, na nikamwomba mimi pia, kwa yale ya Pasaka.

Nikamwandikia Dieumerci: Ulifanya vyema. Ninaogopa. Yote mawili ni kweli.

Jumanne, 2 Juni

Maua ya lailaki yamechanua hadi harufu inaingia kwenye ngazi. Ametetea. Amepita.

Ijumaa, 5 Juni

Mjini wanafunzi waliomaliza wanapita juu ya malori, kofia nyeupe, filimbi, muziki. Nilisimama kuwapisha. Wazazi wao wamevaa shingoni picha za watoto wao wakiwa wadogo. Kwenye simu yangu kuna picha ya cheti, na jina lake lipo lote, kwa herufi zetu na kwa herufi za Kichina. Nikamwonyesha mama mmoja aliyekuwa kando yangu. Akanikumbatia bila kuniuliza chochote.

Jumatatu, 8 Juni

Anaruka leo. Entebbe kwanza, halafu barabara. Kasema atazima simu mpaka afike, barabara ile si ya kuonekana na simu nzuri. Barabara ile ndiyo aliyopita Paluku.

Jumatano, 10 Juni

Kimya. Nimerudia zile siku za Aprili, ila sasa sisomi ya mtu yeyote mtandaoni.

Alhamisi, 11 Juni

Nimerudi kwenye maombi. Mama Hortense ana sheria mpya: simu zote zinabaki mlangoni, ndani ya kikapu cha viatu. Heshima alikuja nami bila kuombwa. Eliud pia, kutoka Spånga, na keki ya dukani. Nje jua halikutaka kuzama.

“Mama Heshima, uko na ombi?”

“Ninalo.”

“Jina kamili?”

“Kambale Dieumerci.”

“Mahali?”

Nikatikisa kichwa. Wote wakanitazama.

“Shida?” akauliza, kwa sauti ya chini.

“Jina tu, mama. Leo jina tu.”

Nilidhani atabisha. Akafumba macho. Akaliita jina, sisi tukaliita nyuma yake, tena na tena, na Heshima akaliita kwa nguvu kutuzidi wote. Simu ikalia kikapuni. Mlio ulikuwa wangu. Sikuinuka mpaka tulipomaliza kuliita, halafu nilikimbia nikapindua viatu vya watu.

Namba siijui. Nyuma yake mvua inapiga mabati, na watoto wanagombana kwa Kinande cha kwetu.

“Nani?” nikauliza.

“Ni mimi,” akasema.

Sikumuuliza yuko wapi, na hata ninachokisia hapa sikiandiki.